Kutafuta nafasi chomboni Tanga: shajara ya miezi mitatu

Jumamosi, 7 Desemba 2024

Mtihani wa kidato cha nne tumeumaliza mwezi uliopita. Matokeo ni Januari, na kidato cha tano, Mungu akijalia, ni Julai. Katikati hapo nina nafasi ambayo sitaipata tena kwa miaka mingi, nami nimeamua kuitumia kwa jambo moja tu: nijifunze kazi ya chombo cha tanga.

Nina miaka 17. Nimezaliwa Soni, Lushoto, na kwa sasa naishi Makorora kwa mama mkubwa. Kwetu hakuna aliyewahi kushika kasia. Bahari niliiona kwa mara ya kwanza nilipoletwa Tanga kusoma. Siku hiyo, pale Raskazone, niliona mashua ikiingia na kaskazi, ule upepo wa kutoka kaskazini, na watu wawili wakatua tanga kwa pumzi moja bila kuambizana neno. Tangu hapo sikuwahi kuacha kulifikiria.

Lengo la mradi: kabla kusi, upepo wa kutoka kusini, haijaanza niwe nimetoka na chombo cha tanga mara tano, nikiwa na kazi ya kufanya. Abiria haihesabiki. Mashine haihesabiki.

Naandika haya hadharani kwa sababu kila niliyemuuliza njia ya kuanzia alinijibu kana kwamba nina baba mwenye chombo. Wapo wengi wasio naye.

Alhamisi, 12 Desemba

Siku nne nimezunguka fukwe za Deep Sea na Sahare hapa Tanga. Nimeuliza watu kumi na mmoja, kila mmoja kwa maneno yaleyale: "Shikamoo mzee, naomba siku moja mnichukue baharini." Wote waliitikia marahaba. Wote walikataa. Mmoja alidhani nataka kuvuka kwenda Pemba bila nauli. Watatu waliniuliza swali moja, "Una nani pwani?", na nilipojibu sina mtu walirudi kwenye nyavu zao.

Nimekaa nikalifikiria usiku. Ombi langu lilikuwa mzigo mtupu. Namwomba mtu asiyenijua anipe nafasi kwenye chombo chembamba, anilinde nisizame, na yeye asipate kitu. Tena nilikuwa nafika saa tatu asubuhi, wakati waliotoka na umande, upepo wa alfajiri utokao bara, wako mbali na waliobaki wana sababu zao za kubaki.

Jumamosi, 14 Desemba

Mama mkubwa ametoa sharti: hakuna chombo mpaka nijue kuogelea. Ana haki. Tangu Jumatatu nimekuwa nikienda Raskazone kila alasiri na mtoto wa jirani anayejua maji. Leo nimeelea kwa mgongo, nikiwa na suruali na fulana, kwa dakika kumi nzima. Kuogelea mwendo mrefu bado. Ila kuelea ndiko kunakookoa mtu aliyeanguka, kwa hiyo nimeanza na hilo.

Jumanne, 17 Desemba

Leo mlango umefunguka, na nataka kueleza vizuri ulivyofunguka kwa sababu naamini mtu mwingine anaweza kuupita huohuo.

Juzi mwezi ulikuwa mpevu, kwa hiyo sasa ni bamvua: maji yanajaa sana na kupwa sana, tofauti yake hapa Tanga inapita mita 3. Siku za bamvua ndizo wenye vyombo huzitumia kupweleza. Chombo huletwa ufukweni maji yakiwa juu, maji yakishuka kinabaki juu ya mchanga kimeegemea magogo, na kuna saa chache za kukisafisha kabla bahari haijarudi. Huku kwetu maji ya bamvua hupwa kabisa kuanzia kama saa nne na nusu hadi saa tano na nusu asubuhi. Nilifika Sahare saa mbili, na mashua moja ilikuwa tayari imelala ubavu.

Walikuwa watu wawili tu: nahodha, na mzee mmoja fundi wa vyombo. Chini ya maji mbao zilikuwa zimeota vigamba vigumu na majani ya bahari. Maji yanarudi mchana, watu ni wawili, na ubavu wa mashua ni mrefu. Sikuomba kupelekwa popote. Nilisema, "Shikamoo wazee. Nikusaidieni kukwangua?"

Fundi alinitazama mikono, akanipa kipande cha bapa la chuma. "Nenda na mbao, usiende dhidi yake. Ukiichana, maji yatakuja kukuuliza."

Nilikwangua hadi saa sita. Hakuna aliyeniuliza nina nani pwani. Wakati wa kupumzika ndipo nahodha alipotaka kujua natoka wapi, na nilipotaja Soni alicheka akasema Mshambaa na bahari ni kama mbuzi na mashua, lakini akanimegea muhogo wa kuchoma na kipande cha samaki. Kwa siku moja nimejua majina ambayo darasani sikuyapata: omo ni mbele, tezi ni nyuma, mkuku ni uti wa mgongo wa chombo, kana ni mti wa kushikia usukani, foromali ni ule mti mrefu unaobeba tanga, henza ni kamba ya kulitweka, na demani ni kamba ya kulivuta lishike upepo.

Na ngama. Ngama ni tumbo la chini kabisa, maji yote yanayovuja hukusanyika huko. Fundi alinionyesha akasema, "Kuenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Methali hiyo mnaisoma shuleni. Sasa ndiyo hii hapa, na ndiko utakakoanzia."

Jumatano, 18 Desemba

Nimerudi. Leo kalafati: pamba iliyolowekwa mafuta inasokotwa, inapigiliwa kwenye mianya ya mbao kwa patasi butu na nyundo ya mti. Baadaye makuti makavu yaliwashwa yakapitishwa chini ya mashua kuua wadudu wanaotoboa mbao, halafu deheni, mchanganyiko wa chokaa na mafuta ya mnyama, ikapakwa kwa mikono mitupu. Mikono inanuka hadi sasa na sabuni haisaidii.

Malipo: kitoweo, changu wawili. Mama mkubwa aliwapokea kimya, akawakaanga.

Jumapili, 22 Desemba

Maji mafu wiki hii, yaani hayajai sana wala hayapwi sana, hakuna anayepweleza. Nimenunua kamba ya nailoni na nafanya mazoezi ya mafundo matatu nyumbani: kitanzi kisichobana, fundo la kufungia chombo kwenye nguzo, na la kuunga kamba mbili. Nayafunga nikiwa nimefumba macho, maana fundi amesema chomboni utayafunga usiku, umelowa, na mtu anakupigia kelele.

Jumamosi, 28 Desemba

Hili ni la kusoma kwa makini kwa kila aliye chini ya miaka 18.

Nilimwambia nahodha kwamba niko tayari kufanya kazi kwa fungu dogo. Akakataa palepale, na sababu yake haikuwa roho mbaya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 5, inakataza mtu aliye chini ya miaka 18 kuajiriwa mgodini, kiwandani, au kama baharia chomboni. Na chombo hapo maana yake ni chombo cha aina yoyote cha kusafiria majini, siyo meli kubwa peke yake. Akiniweka kwenye mgawo wa mapato kama baharia wake, anajitia matatani, na mimi pia namtia.

Mwanzoni nilivunjika moyo. Sasa naona sheria ile inanilinda: vijana wa rika langu waliotolewa shule kwenda kuvuta nyavu nimewaona kwa macho, na hakuna anayewafundisha kushika kana. Wao ni mikono tu.

Kwa hiyo tumekubaliana hivi. Mimi ni mwanafunzi. Natoka safari fupi za mchana tu, zile anazotoka kujaribu chombo au kutega mishipi karibu. Sina fungu, sidai fungu. Na nahodha akasema neno lililonishangaza: "Mlete mama yako anione."

Mama mkubwa alikuja jana na kanga mbili na uso wa kazi. Waliamkiana, wakaulizana habari za nyumbani kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea, na ikajulikana kwamba marehemu shemeji yake aliwahi kufanya kazi bandarini na kaka wa nahodha. Basi tayari nina mtu pwani! Wiki tatu nimekuwa nikijibu "sina" kwa sababu sikuwahi kuuliza nyumbani. Kijana mwenzangu, kabla hujaenda ufukweni, kaa na wakubwa wako uwaulize nani anamjua nani.

Masharti yake manne nayaandika yote kama alivyoyatamka. Ajue jina la chombo na namba yake ya usajili. Awe na simu ya nahodha, na nahodha awe na yake. Ajue naenda wapi na nitarudi maji gani. Na jaketi la uokozi livaliwe, lisiwe mto wa kukalia. Nahodha aliyaitikia yote, na la mwisho aliliitikia polepole, kwa kuwa chomboni yalikuwapo majaketi mawili na watu huwa watatu. La tatu tumeliazima.

Jumatano, 1 Januari 2025

Safari ya kwanza.

Saa kumi na moja alfajiri maji yalikuwa yamejaa na yanaanza kupwa, umande unavuma kutoka bara. Hivyo vitu viwili vinakusukuma nje bila kupigana navyo, na ndiyo maana mtu anayefika saa tatu hakuti mtu. Tulitweka tanga: wawili kwenye henza, na mimi nikawa wa tatu, nikivuta wanapovuta na kushikilia wanapobadilisha mikono. Kazi yangu halisi ilikuwa upo, kile chombo cha kuchotea maji. Nilifua ngama kuanzia Sahare hadi karibu na kisiwa cha Ulenge. Mnara wa taa wa Ulenge niliuona kwa vipande, kila nilipoinua kichwa kumwaga maji.

Jua lilipopanda umande ukafa, chombo kikakaa kinayumba tu. Hapo ndipo tumbo lilipoasi. Nilitapika upande wa demani, yaani ule ulio chini ya upepo, kama nilivyokuwa nimeelekezwa, kisha nikarudi kwenye upo. Nahodha hakusema kitu. Aliponiona naendelea kufua alinipa tangawizi mbichi nitafune, akaniambia nitazame nchi kavu ya mbali, nisitazame sakafu.

Tulirudi alasiri na maji yanayojaa, kaskazi ikiwa imeshika. Nililala saa moja usiku bila kula.

Mara: 1.

Jumamosi, 11 Januari

Mara ya pili na ya tatu zimepita wiki hii. Leo nimekosea, na kosa ni langu.

Tanga letu ni la pembe, foromali yake iko upande mmoja wa mlingoti. Chombo kinapobadili upande, kazi si kusukuma usukani tu. Nahodha anakiondoa kwenye upepo, tezi inapita kwenye upepo, na sisi tunaisimamisha foromali karibu na mlingoti, tunaizungusha mbele yake, na demani inabebwa kukimbizwa upande wa pili kabla tanga halijajaa tena. Nahodha alipoita "Pindua!" nilikimbia vizuri. Nilichosahau ni mahali pa kuweka mguu. Nilisimama ndani ya duara la kamba. Tanga lilipojaa kamba ilikazwa, na baharia mwenzangu alinivuta kwa ukosi wa fulana sekunde moja kabla haijanifunga kifundo. Niliishika kwa mkono ili nijizuie, ikanichuna kiganja.

Nilichojifunza: kabla ya neno lolote la nahodha, tazama miguu yako iko wapi. Na kamba inayokimbia haishikwi, inazungushiwa kitu kwanza.

Jumamosi, 25 Januari

Matokeo yametoka juzi. Daraja la pili. Mama mkubwa amepiga vigelegele mpaka majirani wakaja. Kwa hiyo Julai narudi shule, mradi unaendelea.

Jumamosi, 1 Februari

Leo nimejaribu upande mwingine wa bahari hiihii. Raskazone kuna watu wanaosafiri kwa matanga kwa ajili ya mchezo, kwenye maboti madogo ya watu wawili. Mwalimu wetu wa zamani wa jiografia anamfahamu mmoja wao, akanitambulisha. Mtu yule alihitaji mwenza, kwa sababu boti la wawili haliendi mbio likiwa na mmoja.

Hii ni njia ambayo vijana wengi hapa hawaijui. Kwenye michezo ya matanga, popote duniani, siku ya mashindano huwa kuna mwenye boti aliyekosa mwenzake. Anayepata nafasi ni yule aliyefika mapema, akiwa na viatu visivyoteleza na jaketi lake, na akasema wazi anachojua na asichojua. Nilimwambia: najua kuelea, najua mafundo matatu, tanga la aina hii sijawahi kuligusa. Alifurahi kuliko ningejisifu.

Tofauti ni kubwa. Boti lile lina matanga mawili, na linageuka kwa kukatiza omo kwenye upepo, halizungushi chochote mbele ya mlingoti. Kazi yangu ilikuwa kamba za tanga dogo la mbele: kuachia upande huu na kuvuta ule, na kuinamia nje kwa mgongo upande wa joshi, unakotoka upepo, ili boti lisilale. Kwenye ngalawa nako watu hukaa juu ya mrengu kwa sababu hiyohiyo, na kwenye mashua tuna farumi ya mawe chini. Uzito ni ule ule, umehamishwa tu. Nilipoliona hilo nikahisi mambo mawili niliyokuwa nikiyabeba mbalimbali yameshikana.

Tulipinduka mara moja, karibu na ufukwe. Nilielea. Asante, mama mkubwa.

Mara: 6, kama hii inahesabika. Naihesabu.

Jumamosi, 8 Februari

Wageni wawili, mke na mume, walikuja na yoti yao wakitafuta mtu wa tatu wa kuwasaidia hadi Pemba, usiku mbili. Waliuliza kama naweza. Watu wema kwa nilivyoona, na chombo chao kimepangwa vizuri.

Nimekataa, na ningependa kusema kwa nini, kwa sababu nilitamani sana. Nilikuwa nimewajua kwa saa mbili. Mama mkubwa hajawaona. Nisingekuwa na njia ya kushuka katikati ya mkondo wa Pemba kama lingetokea lolote, na usiku wa kwanza wa mtu asiyewahi kukesha chomboni usiwe kati ya watu asiowajua. Niliwaambia: mkikaa hapa wiki hii, nitafurahi kutoka nanyi mchana, ndani ya ghuba, na mama yangu atakuja kuwaamkia. Walielewa. Waliondoka Jumatatu kabla hatujapanga, sijuti.

Atakayeona unazingatia usalama kupita kiasi, huyo si nahodha wako.

Jumamosi, 15 Februari

Nimeanza kutazama mbele. Mbegani, Bagamoyo, kuna kampasi ya Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi. Dar es Salaam kuna Chuo cha Bahari, DMI, wanakofundisha mafunzo ya usalama yanayotakiwa na mkataba wa kimataifa wa mabaharia wa mwaka 1978: kujiokoa majini, kuzuia na kuzima moto, huduma ya kwanza, na usalama wa mtu na wajibu wake kazini. Hayo ndiyo yanayomfungulia mtu meli kubwa. Nitayafuata nikishatimiza miaka 18. Fundi amenionya kwamba cheti hakimfundishi mtu kuhisi upepo unapobadilika shingoni. Nimemwambia navitaka vyote viwili.

Jumamosi, 1 Machi

Jioni ya leo watu wako ufukweni wanautazama mwezi. Ukiandama, kesho tunafunga, na nahodha amepunguza safari.

Hesabu hadi leo: mashua mara saba, boti la watu wawili mara mbili, siku za kupweleza tano. Watu niliowaomba "mnichukue": kumi na mmoja, hakuna aliyekubali. Watu niliowauliza "nikusaidie?": wanne, wakakubali wote wanne. Kiganja kimepona, kovu limebaki.

Bado sijashika kana. Wiki iliyopita nahodha alinikalisha karibu nayo, akaniwekea mkono juu ya mti chini ya mkono wake, tukaenda hivyo kutoka kisiwa cha Toten hadi karibu na gati, labda dakika ishirini. Nilihisi maji yakisukuma usukani na yeye akiyajibu kabla sijajua yanataka nini.

Tarehe 14 mwezi utakuwa mpevu tena. Anataka kupweleza tarehe 16, kabla kaskazi haijatulia na mvua za masika hazijaanza, na kuna ubao mmoja tezini unaohitaji kubadilishwa. Nimeambiwa nifike saa moja, nije na bapa langu mwenyewe. Nimelinunua leo Ngamiani.